Babe Ruth: Bingwa aliyeuawa na saratani iliyojificha nyuma ya pua

Na Mwandishi Wetu

NCHINI Marekani hakuna jina kubwa katika mchezo wa besiboli kama la George Herman Ruth, ambaye dunia ilimfahamu zaidi kwa jina la Babe. Alipofariki dunia Agosti 16, 1948, akiwa na umri wa miaka 53, mwili wake uliwekwa katika Uwanja wa Yankee jijini New York, na makumi ya maelfu ya watu wakapanga foleni kumuaga.

Watu hao walijua kwamba bingwa wao ameugua kwa takriban miaka miwili. Walijua pia kwamba sauti yake ilikuwa imekauka, hivyo wengi waliamini kwamba kilichomuua ni saratani ya koo iliyoletwa na sigara. Haikuwa hivyo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa ugonjwa ulianzia mahali ambapo ni watu wachache waliokuwa wakipafikiria: nyuma kabisa ya tundu la pua, chini ya sakafu ya fuvu la kichwa.

Ruth alizaliwa Februari 6, 1895, katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland. Wazazi wake walipata watoto wanane, lakini ni yeye na mdogo wake wa kike, Mamie, pekee waliovuka umri wa utoto. Baba yake aliendesha baa karibu na bandari, na mtoto George alikulia mitaani, akitoroka shule na kujifunza kutafuna tumbaku kabla hata meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka.

Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka saba, wazazi wake walimpeleka katika shule ya St. Mary's, iliyoendeshwa na mabruda wa Kanisa Katoliki kwa ajili ya yatima na watoto watukutu. Ilikuwa nusu shule na nusu gereza, yenye ukuta na ratiba kali. Huko alifundishwa kushona mashati, na huko ndiko alikokutana na Bruda Matthias, mtu mrefu mwenye mwili mkubwa, aliyemtia adabu na kumfundisha besiboli. Hadi mwisho wa maisha yake Ruth alimtaja bruda huyo kama mtu aliyempenda kuliko wote.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huo, besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji humtupia mpinzani mpira mdogo mgumu kwa kasi, naye mpigaji huusubiri akiwa na gongo la mbao. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, anaruhusiwa kuzunguka vituo vyote vinne bila bughudha. Pigo hilo Wamarekani huliita homu rani, nalo kabla ya Ruth lilikuwa jambo la nadra, kitu cha bahati zaidi kuliko mpango.

Februari 1914, Jack Dunn, mmiliki wa timu ya Baltimore Orioles, alimchukua kijana huyo kutoka St. Mary's. Wachezaji wakongwe walipomwona mgeni huyo mwenye uso wa kitoto akimfuata Dunn kila mahali, wakaanza kumwita mtoto wa Dunn. Jina la Babe likamganda. Mwaka huohuo aliuzwa kwa Boston Red Sox, ambako kwanza alisifika kama mrushaji wa mkono wa kushoto, akisaidia timu yake kutwaa ubingwa mwaka 1915, 1916 na 1918.

Mwishoni mwa mwaka 1919 mmiliki wa Red Sox aliwauzia New York Yankees mchezaji huyo kwa dola 100,000, bei ambayo haikuwahi kusikika katika mchezo huo. Kilichofuata kinajulikana na kila mtoto wa Kimarekani. Mwaka 1920 alipiga homu rani 54, mwaka 1921 akapiga 59, na mwaka 1927 akafikisha 60, rekodi ya msimu mmoja iliyodumu hadi mwaka 1961. Jumla yake katika maisha yote ilikuwa 714, na haikuvunjwa hadi mwaka 1974, alipokuja Hank Aaron. Uwanja wa Yankee ulipofunguliwa mwaka 1923, watu waliuita nyumba iliyojengwa na Ruth, kwa sababu bila umati uliomfuata yeye fedha za ujenzi zingetoka wapi?

Maisha yake nje ya uwanja yalikuwa ya mtu asiyejua neno kiasi. Alikula sana, alikunywa hata miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku nchini humo, alivuta sigara nene za biri, akanusa ugoro na kutafuna tumbaku. Alimwoa Helen Woodford mwaka 1914. Mama huyo alifariki kwa moto wa nyumba Januari 1929, wakiwa wameshatengana. Aprili ya mwaka huo alimwoa Claire Hodgson, ambaye alijaribu kwa kila njia kumpangia chakula na muda wa kulala. Lipo jambo moja linalosimuliwa kuhusu yeye na ambalo linastahili kukumbukwa katika yale yatakayofuata: kwa miaka mingi Ruth hakujua hata tarehe yake ya kuzaliwa. Aliamini amezaliwa mwaka 1894, akagundua ukweli alipotafuta pasipoti mwaka 1934.

Alistaafu mwaka 1935. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa watu watano wa kwanza kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa besiboli. Alichokitamani zaidi, yaani kupewa timu aifundishe katika ligi kuu, hakukipata kamwe.

Maumivu yalianza mwaka 1946. Kichwa kilimuuma upande wa kushoto, hasa nyuma ya jicho, na sauti yake ikaanza kukwaruza. Novemba 26 mwaka huo alilazwa katika hospitali ya Wafaransa jijini New York. Wakati huo upande wa kushoto wa uso ulikuwa umevimba, jicho limefumba, na chakula hakipiti kooni. Madaktari walidhani ni ugonjwa wa sainasi, yaani uvimbe wa vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua, pamoja na meno mabovu. Wakamng'oa meno matatu. Hakupata nafuu.

Hapa inafaa kueleza kwa nini watu hao, ambao hawakuwa madaktari wa kubahatisha, walikosea. Hewa tunayovuta hupita katika tundu la pua, kisha huingia katika chumba kidogo kilicho nyuma yake, juu ya kile kinyama kinachoning'inia kooni, kabla ya kukata kona kushuka chini. Chumba hicho, yaani sehemu ya juu ya koromeo, hakionekani mtu akifungua mdomo, wala akiinua pua mbele ya kioo. Dari yake ni sakafu ya fuvu. Katika kuta zake hufunguka mirija miwili inayotoka masikioni, na jirani yake hupita mishipa ya fahamu inayoendesha macho, uso, ulimi, kumeza na sauti.

Kwa hiyo uvimbe unaoota hapo huweza kukua bila kuziba pua wala kuuma, kisha dalili zikajitokeza kwa majirani. Mgonjwa mmoja hulalamika kwamba sikio moja limeziba. Mwingine huona vitu viwili viwili. Mwingine hutokwa na damu kidogo puani, au huota tezi shingoni isiyo na maumivu, na hiyo ndiyo dalili inayowapeleka wengi hospitali. Ruth alikauka sauti si kwa sababu koo lake lilikuwa na saratani, bali kwa sababu mshipa wa fahamu unaotumikia sauti ulikuwa umebanwa juu kabisa, karibu na fuvu. Aliyetazama koo peke yake asingeweza kuiona sababu.

Picha za eksirei ndizo zilizofichua kwamba kuna kitu kinachokula sakafu ya fuvu. Akaanza kupigwa mionzi, ambayo kwa mashine za siku hizo iliunguza ngozi na kuharibu mdomo kabla ya kufika kwenye uvimbe wenyewe. Januari 1947 alipasuliwa shingoni. Madaktari walikuta uvimbe umezunguka mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani, na hawakuweza kuutoa wote. Alipotoka hospitali katikati ya Februari, baada ya karibu miezi mitatu, mtu yule aliyekuwa mnene alikuwa amepungua takriban kilo 36.

Aprili 27, 1947 viwanja vyote vya ligi kuu viliadhimisha siku ya Babe Ruth. Zaidi ya watu 58,000 walijaa katika Uwanja wa Yankee, na maneno yake yakarushwa katika viwanja vingine. Alisimama mbele ya kipaza sauti akiwa amevaa koti refu, akakohoa, kisha akazungumza kwa mnong'ono mzito kuhusu vijana na mchezo aliouona kuwa bora kuliko yote. Hakuwa na karatasi.

Je, alijua anaumwa nini? Familia na madaktari waliamua asiambiwe neno saratani, kwa hofu kwamba angekata tamaa na kujidhuru. Uamuzi huo haukuwa wa ajabu kwa zama zile. Katika Marekani ya miaka ya 1940 ulikuwa ndio utaratibu, na magazeti nayo yalilikwepa neno hilo. Wala sisi hatuwezi kuwacheka. Katika familia nyingi za kwetu hadi leo ndugu hukaa kikao cha siri na daktari, kisha mgonjwa akaambiwa ana vidonda vya tumbo. Lakini kwa Ruth siri hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa katikati ya mwaka 1947 aliombwa kutoa mwili wake kwa ajili ya jaribio.

Dawa yenyewe iliitwa teropterin. Ilitokana na jamii ya asidi ya foliki, vitamini ambayo seli za mwili huihitaji ili zigawanyike. Katika Hospitali ya Mount Sinai, New York, Dk Richard Lewisohn, daktari wa upasuaji aliyekwisha kupata sifa kwa mchango wake katika kuhifadhi damu ya kuongezewa wagonjwa, alikuwa ameona uvimbe wa panya ukinywea baada ya kudungwa kemikali za aina hiyo. Kwa binadamu dawa ilikuwa imejaribiwa kidogo mno. Hakuna aliyejua kipimo sahihi wala madhara yake.

Ruth alielezwa kwamba dawa ni ya majaribio. Alikubali, na katika kumbukumbu zake alieleza kwamba alichojifunza daktari kwake kingeweza kumfaa yeye au mtu mwingine baadaye. Kuanzia Juni 29, 1947 alidungwa sindano kila siku kwa muda wa wiki sita. Mtu anaweza kuuliza ridhaa ya namna hiyo ina maana gani ikiwa anayeitoa hajaambiwa jina la ugonjwa. Kwa kanuni za tiba za leo jibu ni rahisi: haitoshi. Ruth, hata hivyo, hakuwa mtu mjinga. Waliomfahamu walisema kwamba alikuwa ameshabashiri.

Matokeo yaliwashangaza madaktari. Tezi za shingoni ziliyeyuka, maumivu yakapungua, akaanza kula chakula kigumu na kuongezeka uzito. Septemba 1947 taarifa za mgonjwa huyo zilisomwa bila kutaja jina lake katika mkutano wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliofanyika St. Louis. Magazeti yakanusa habari, na uvumi wa dawa ya saratani ukaenea.

Nafuu hiyo haikudumu. Kabla ya mwaka kwisha maumivu yalirudi, na miezi ya mwanzo ya 1948 ilikuwa ya kuingia na kutoka hospitali. Juni 13, 1948, uwanja ulipotimiza miaka 25, alivaa kwa mara ya mwisho jezi yake namba 3 na kuingia uwanjani akiegemea gongo kama mkongojo. Mpigapicha Nat Fein, badala ya kusimama mbele na wenzake, alizunguka nyuma ya Ruth na kumpiga picha akiwa ameinama kidogo, namba mgongoni, umati mbele yake. Picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1949.

Siku chache baadaye alilazwa katika Hospitali ya Memorial, iliyojulikana jijini New York kwa kutibu saratani. Alitoka mara moja, Julai 26, kwenda kuona filamu iliyotengenezwa kuhusu maisha yake, akashindwa kukaa hadi mwisho. Alifariki usiku wa Agosti 16. Misa ya mazishi ilifanyika katika Kanisa Kuu la St. Patrick, akazikwa Hawthorne, nje ya jiji. Sehemu ya mali yake iliachwa kwa mfuko aliouanzisha mwaka 1947 kwa ajili ya watoto maskini.

Teropterin haikuishi muda mrefu baada yake. Watafiti waligundua kwamba kinachoikomoa saratani si foliki bali ni kemikali zinazoizuia. Miezi miwili kabla Ruth hajafa, Juni 1948, Dk Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba kati ya watoto 16 wenye saratani ya damu aliowapa kemikali ya namna hiyo, aminopterin, watoto 10 walipata nafuu ya muda. Ndugu wa dawa hiyo, methotrexate, bado inatumika hospitalini. Kuhusu Ruth mwenyewe, ni vigumu kutenganisha kazi ya sindano na kazi ya mionzi iliyotangulia. Jambo lililo wazi ni kwamba alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza wa saratani ya aina hiyo kupata vyote viwili. Mwaka 1998, nusu karne baada ya kifo chake, utafiti mkubwa wa Marekani ulithibitisha kwamba kwa saratani hiyo iliyokomaa, mionzi ikiambatana na dawa huokoa maisha ya wengi zaidi kuliko mionzi peke yake.

Sehemu nyingine ya fumbo ilitatuliwa karibu na kwetu. Mwaka 1964 wanasayansi wa London waligundua kirusi kipya katika uvimbe wa taya wa watoto, uliopelekwa huko kutoka Uganda. Kikaitwa kirusi cha Epstein-Barr, kwa majina ya wagunduzi wawili. Jijini Nairobi, Dk Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akiwaona wagonjwa wengi wa saratani ya nyuma ya pua, hasa kutoka nyanda za juu za Kenya, na alijiuliza hata kama moshi wa kuni ndani ya nyumba una mchango. Vipande vya uvimbe wa wagonjwa wake vilisafirishwa hadi maabara za Ulaya, na mwaka 1970 alikuwa mmoja wa waandishi wa ripoti iliyoonyesha kwamba chembe za urithi za kirusi hicho zimo ndani ya uvimbe wenyewe.

Kirusi hicho kimo katika miili ya watu wazima walio wengi duniani na hakiwadhuru. Kwa nini wachache huugua, hasa kusini mwa China, kaskazini mwa Afrika na katika maeneo kadhaa ya Kenya, ni suala linalohusisha pia urithi na vyakula kama samaki wa chumvi wa Kichina. Tumbaku huongeza hatari kwa baadhi ya aina za ugonjwa huo. Saratani za tundu la pua lenyewe ni tofauti na ni nadra zaidi. Hizo zinahusishwa sana na vumbi la mbao, jambo lililobainika Uingereza miaka ya 1960 miongoni mwa mafundi wa fanicha, na ambalo maseremala wetu wa Keko na Gikomba wangefaa kulisikia.

Leo daktari hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera na kukitazama chumba kile moja kwa moja, akachukua kipande cha nyama kipimwe kwa hadubini. Picha za kompyuta huonyesha uvimbe umefika wapi. Damu nayo hupimwa kutafuta mabaki ya kirusi: mwaka 2017 watafiti wa Hong Kong walitangaza matokeo ya kupima wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili yoyote, na wengi wa waliogundulika walikuwa katika hatua za mwanzo, hatua ambayo mionzi huponya wagonjwa walio wengi.

Ruth alipofikishwa hospitali Novemba 1946, sakafu ya fuvu lake ilikuwa imeshaanza kuliwa. Claire, mkewe, aliishi hadi mwaka 1976, akazikwa kando yake. Mashabiki wanaofika Hawthorne huacha mipira na magongo juu ya kaburi.